Maji ya Mlimani

Kitale, 3 Machi 2025

Kwako Senge Edinah,

Mulembe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na walimu wenzako na watoto wote wa shule. Huku mimi sijambo. Vumbi la Kitale linanipa mafua, lakini hayo si ugonjwa wa kumwambia mtu.

Wenzangu hapa karakana wananicheka ati nina kompyuta mbili mezani na bado namwandikia senge wangu, dada wa baba, kwa kalamu. Nimewaambia wewe ndiye uliyenilea, na ulishasema simu ni ya salamu, mambo mazito huandikwa. Leo nina jambo zito.

Rotich, mwenye karakana, amekubali. Lile ulilonililia Krismasi, kwamba mvua inanyesha mlimani huku kwenu jua linawaka, kisha maji yanafika kwenye daraja la mbao bila mtu kujua, tutalitengenezea kifaa. Kipimo cha maji kitakaa huko juu, upande wa Saboti, kwenye shamba la shemeji yake Rotich. King'ora kitakaa shuleni kwenu. Maji yakipanda juu, king'ora kinalia chini, na mnapata kama saa nzima ya kuwazuia watoto.

Kazi yangu ndiyo ngumu, na ndiyo naitaka. Ili mashine mbili ziongee kwa mtandao, lazima ziwe na itifaki, yaani adabu za kusalimiana, kutaja anwani, kutuma ujumbe na kuhakikisha umefika. Adabu hizo zimepangwa tabaka juu ya tabaka, na sisi mafundi tunaliita rundo lote staki. Staki niliyo nayo iliandikiwa mashine kubwa. Chipu tunayoiweza ni ndogo kama ukucha, inaishi kwa sola na betri, na kumbukumbu yake ni finyu kabisa. Ni kama kuhamisha familia ya boma zima kwenye chumba kimoja cha kupanga. Nitaihamisha. Tabaka za chini nitaziandika upya mwenyewe.

Waulize wazazi kama wanakubali tuweke king'ora.

Mwanao,
Nelima


Bungoma, 12 Machi 2025

Mwanangu Nelima,

Mulembe swa. Barua yako nimeipata kwa dereva wa matatu pamoja na majani ya chai. Mimi ni mzima, goti tu ndilo linalonikumbusha umri nikipanda ngazi za ofisi.

Nimesoma habari za familia na chumba cha kupanga. Nimekuelewa, ila mwambie huyo chipu asije akamwacha mtoto nje.

Tumekutana na wazazi. Wengi walipiga makofi kabla sijamaliza. Aliyepinga ni Barasa, mwenyekiti wao, yule anayefyatua matofali karibu na daraja. Unajua kila siku ya mawingu huacha matofali yake akakaa mtoni na kamba mpaka mtoto wa mwisho avuke. Alisimama akasema, "Mwalimu, hiyo kitu ikilia bure mara mbili, watoto watazoea. Na isipolia siku ya maji, si ndio tutazika?"

Nikamwambia, "Huyo anayeitengeneza nimemlea mimi."

Akasema, "Sijakataa mtoto wako. Nimekataa kulala."

Basi tumeafikiana. Weka king'ora chako, na Barasa akae na kamba yake mpaka kifaa kijithibitishe. Sikuona aibu kukusifu mbele yao, kwa hiyo usiniangushe.

Senge wako,
Edinah


Kitale, 14 Aprili 2025

Kwako Senge,

Pole na goti. Je, ile dawa ya kuchua niliyotuma imesaidia? Mimi niko vizuri, nakula, nalala, ingawa Rotich anasema nalala nikiwa nimekaa.

Senge, imejibu. Ngoja nikueleze, maana hapa hakuna wa kumweleza akafurahi kama wewe.

Wiki nzima chipu ilikuwa kama bubu. Naitumia salamu, haijibu. Waya sawa, laini ya simu ina netiwaki. Nilipochungulia ndani nikaona inajibu kweli, ila inampelekea mtu asiyekuwepo. Kumbe chipu hii hupanga tarakimu zake kuanzia nyuma, na mtandao unazitaka kuanzia mbele. Kila anwani ilikuwa inatoka kichwa chini miguu juu, kama mtu anayetafuta nyumba namba kumi na mbili akabisha ishirini na moja. Nilikuwa nimezigeuza kila mahali isipokuwa mahali pamoja tu. Nikapageuza.

Nikatuma salamu tena, na jibu likarudi papo hapo. Nikatuma nyingine, likarudi. Rotich akaja na kikombe changu cha chai mkononi, akasimama nyuma yangu, akasema, "Nelima, hicho kidude kinaongea." Kisha akanywa chai yangu.

Tumeijaribu mfululizo hapa mezani na kule shambani, jua likiwaka, na haijakosea. Shule zikifunguliwa nitakuja kufunga king'ora. Mwambie Barasa anichagulie mti wenye mizizi.

Mwanao,
Nelima


Bungoma, 8 Mei 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwa wote uliowaacha hapa. Mimi ni mzima. Tangu uondoke watoto wa chekechea wanaigiza king'ora, na walimu wawili wamelalamika.

Kimelia mara ya kwanza Jumatatu. Nilikuwa nafundisha ngeli, jua kali dirishani, hata wingu hakuna. Tukawazuia watoto uwanjani. Wengine wakaanza kunung'unika kuwa mashine ya Nelima inadanganya. Kisha tukasikia mto. Maji mekundu, na gogo la mti limelala juu yake kama mgonjwa kwenye machela. Nililia kidogo, nikajifanya ni vumbi.

Juzi kimelia tena, na maji yakaja. Nimeenda mwenyewe kwa Barasa nikamwambia arudi kwenye matofali yake. Amepoteza oda nyingi kwa ajili ya watoto wetu. Akasema, "Ukisema wewe, mwalimu, nitaenda." Akaikunja kamba.

Najivunia wewe, na sisemi hivyo ovyo.

Senge wako,
Edinah


Kitale, 15 Mei 2025

Kwako Senge,

Barua yako nimeisoma kwa sauti mbele ya karakana nzima. Hujambo? Mimi nimenenepa kwa sifa.

Watu wa kijiji kimoja karibu na Moi's Bridge wamesikia habari zenu, nao wanataka kifaa chao. Rotich ananiambia nianze kupanga. Safari hii staki iko tayari, itakuwa kuinakili tu.

Huku mvua imeanza kwa nguvu, mchana mlima hauonekani. Niandikie, uniambie mto unaendeleaje.

Mwanao,
Nelima


Kitale, 23 Mei 2025

Senge wangu,

Mulembe. Sijapata jibu lako, na simu yako haipatikani. Nilimpigia mwalimu mkuu. Akaniambia uko hai, unaendelea vizuri, na umesema utaniandikia mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini atumie neno "hai". Akasema ana mkutano.

Nimejaribu kukiita kipimo cha mlimani kutoka hapa. Hakijibu.

Nakuja Jumapili. Ukiweza, andika neno moja kabla ya hapo, hata kama ni la kunikemea.

Mwanao,
Nelima


Bungoma, 23 Mei 2025

Mwanangu Nelima,

Natumaini u mzima. Mwandiko huu si wangu. Ni wa Arafa, mwanafunzi wa gredi ya sita, binti wa yule mama anayeuza vitambaa sokoni. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemwambia asibadilishe neno hata akiona haya.

Wiki iliyopita siku ya Ijumaa king'ora hakikulia. Mvua ilikuwa kubwa huku na huko. Mimi nikasema, kama kungekuwa na hatari tungesikia. Nikawaruhusu watoto wa ng'ambo ya mto waende, nikawasindikiza hadi mtoni. Wengi walikwisha vuka. Arafa alikuwa katikati ya daraja maji yalipokuja. Hayakuja kwa kupanda, yalikuja yamesimama kama ukuta. Yakang'oa mbao naye akiwa juu yake.

Niliingia. Usiniulize goti lilikuwa wapi. Nilimpata kwenye matete, nikamshika kwa mkono wa kushoto, wa kulia nikashika mzizi. Gogo likanipiga kwenye huo wa kulia, na nikasikia mfupa. Sikuachia. Barasa alitusikia kutoka kwenye tanuru. Alikuja na kamba yake. Alitutoa mmoja baada ya mwingine, yeye na mafundi wake wa matofali, wakatupeleka hospitali. Huko ndiko alikoniambia, "Mwalimu, pumua."

Arafa ni mzima, kama unavyoona anavyoandika. Mimi nina plasta kutoka kiwiko hadi vidole. Simu imekwenda na maji. Niliwakataza watu wasikuambie, kwa sababu nilitaka uyasikie kwangu, kwa utaratibu, wala si kwa vipande.

Sasa nisikilize. Wazazi wanasema king'ora king'olewe. Barasa amewaambia wangoje. Mimi sikuiti ili uje kulia kando ya kitanda changu. Njoo ukitafute kilichokufa ndani ya hicho kifaa. Uliweza kukifanya kiseme, basi utaweza kujua kwa nini kilinyamaza.

Senge wako,
Edinah, kwa mkono wa Arafa


Kitale, 6 Juni 2025

Kwako Senge,

Pole tena na mkono. Unalala upande gani sasa? Nilipokuja ulinikataza kulia, nikatii mpaka nilipofika stendi.

Hukuniuliza kwa nini Barasa alipanda gari pamoja nami. Aliniambia mlangoni mwako, "Nionyeshe mahali ilipokufa." Basi tukaenda hadi juu Saboti, tukakifungua kifaa kwenye tope, tukakibeba mpaka Kitale. Amelala kwa Rotich siku tatu.

Nimekipata, Senge. Kila ujumbe unaoingia au kutoka, staki huuweka kwenye bahasha ndani ya kumbukumbu. Ujumbe ukiisha kazi, bahasha inarudishwa itumike tena. Bahasha ni chache kwa sababu chipu ni ndogo. Sasa netiwaki ikikatika katikati ya ujumbe, ile sehemu niliyoiandika mimi ilikuwa inaanza upya na bahasha mpya, na ile ya zamani hairudishi. Siku za jua netiwaki haikatiki, kwa hiyo sikuona. Mvua kubwa ilipoanza ikawa inakatika kila mara, bahasha zikaisha, na kifaa kikabaki kinatazama maji yakipanda bila karatasi ya kuandikia. Nilikijaribu kwenye jua kitu cha mvua. Kosa ni langu, si la chipu wala la kampuni ya simu.

Tulilithibitisha hivi. Barasa alichukua sufuria akawa anafunika antena, anafunua, anafunika, anafunua, na mimi nahesabu bahasha kwenye kioo cha kompyuta. Zilipungua moja moja mbele ya macho yake. Ya mwisho ilipokwisha, kifaa kikanyamaza. Akaweka sufuria chini, akasema, "Kwa hivyo siku ile ilikuwa hivi."

Nikasema, "Ndiyo, mzee."

"Tengeneza."

Nimetengeneza. Sasa kila bahasha ina njia ya kurudi, hata ujumbe ukifia njiani. Barasa alifunika na kufunua kwa sufuria yake kutwa nzima ya siku iliyofuata, Rotich akampokea alipochoka, na hakuna hata bahasha moja iliyopotea.

Kisha Barasa akauliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza tangu mwanzo. "Na ikikufa na ugonjwa mwingine, sisi huko chini tutajua aje?" Nimeongeza taa juu ya mlango wa ofisi yenu. Kipimo cha mlimani kitatuma salamu kila dakika, hata kama mto umekauka. Salamu zikifika, taa ni ya kijani. Zikikoma, inageuka nyekundu yenyewe, bila kungoja ruhusa ya mlima. Ikiwa nyekundu, mtoto asivuke bila watu wazima, hata kama king'ora kimekaa kimya.

Watu wa Moi's Bridge nimewaambia wangoje. Kwanza mvua ya kwenu iseme.

Mwanao,
Nelima


Bungoma, 11 Julai 2025

Mwanangu Nelima,

Mulembe. Mwandiko umepinda lakini ni wangu, plasta imetolewa. Natumaini u mzima na Rotich amekuachia chai yako.

Taa imewahi kuwa nyekundu mara moja, mwezi uliopita, ng'ombe alipokata waya wa sola huko juu. Tuliwavusha watoto mkono kwa mkono, na jioni shemeji yake Rotich akaurekebisha. Hakuna aliyelalamika. Mama mmoja alisema afadhali mashine inayokiri kuumwa.

Jana ndiyo niliyokuwa naingoja. Mvua ilinyesha tangu adhuhuri, netiwaki ya simu yangu mpya ikawa inakuja na kwenda. Nilitoka kila baada ya kipindi kutazama mlango wa ofisi. Kijani. Kijani. Halafu, kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, king'ora kikalia, kikasikika hadi sokoni.

Tuliwarudisha watoto wote wa ng'ambo madarasani. Hakuna aliyenung'unika. Maji yalifika yakiwa makubwa kuliko ya siku ile, yakaligonga daraja jipya ambalo wazazi walilijenga kwa nguzo za chuma, yakapita juu yake. Daraja lilikuwa tupu.

Wazazi wa ng'ambo walikuwa wamesikia king'ora, wakashuka hadi ukingoni upande wao. Hawakuweza kuvuka, na sisi hatukuweza kuwapelekea watoto. Tukawapanga watoto juu ya mwinuko wa uwanja ili waonekane. Kulikuwa na kelele za maji, hakuna aliyemsikia mwenzake. Kisha baba mmoja akaweka mikono mdomoni akaita jina la binti yake, kwa nguvu zake zote. Binti akaitika. Akaita mwingine, akaitikiwa. Wakaendelea hivyo, jina kwa jina, mvua ikitunyeshea, mpaka hapakubaki mzazi ng'ambo ile ambaye hakuitikiwa. Ndipo wakakaa chini kwenye nyasi, wakangoja mto upungue.

Waambie watu wa Moi's Bridge waje.

Senge wako,
Edinah