Mtutu wa Baba Umefura

Alhamisi. Jua la Januari liliamka na hasira, na hata usiku huu mtaa wote wa Umoja unanuka vumbi. Nimeketi kitandani, shati limenigandia mgongoni. Naandika kwa sababu kichwa hakitaki kulala.

Leo nilipeleka bunduki ya marehemu baba kwa fundi. Ni bunduki ya marisau, ya mtutu mmoja, kuukuu kuliko mimi. Tangu mzee atuache ilikuwa imehifadhiwa polisi, nami nikazungushwa ofisi hadi ofisi mpaka leseni ikatoka kwa jina langu. Nilitaka ikaguliwe kabla sijaipeleka nyumbani Kibwezi Jumamosi. Mama amebaki peke yake kule, mahindi yamebeba, na nyani wanaingia shambani wanavyotaka. Wakiona ni mwanamke hata hawakimbii. Mlio mmoja tu hewani ungewarudisha msituni, mama akapata chakula cha mwaka.

Hiyo ndiyo ndoto niliyotoka nayo asubuhi.

Fundi ni mzee mpole, ana leseni yake pale mjini. Aliifungua, akaelekeza mtutu dirishani, akaniambia nichungulie. Karibu na mdomo wa mtutu niliona kivuli kama pete. Akachukua kidole changu akakipitisha kwa nje. Chuma kimefura, na juu ya huo uvimbe kuna ufa mwembamba.

"Kuna kitu kilikuwa kimeziba hapa, na mtu akafyatua hivyo hivyo," alisema. "Ukifyatua tena, itakupasukia mkononi."

Kuukata mtutu uwe mfupi ni kosa kisheria, na mwingine wa aina hiyo haupatikani. Nikamwachia bunduki, nikaenda kufikiria.

Nilichofikiria ni aibu. Nilimpigia Oti, jirani anayechomelea mageti hapa chini, nikamwuliza kama ufa huzibika. "Leta hiyo kitu, buda. Naipiga welding, inakuwa fiti." Nusura nirudi mjini kuichukua. Kisha nikaviangalia vidole vyangu, vyote kumi, nikaketi.

Basi hasira ikahamia kwa baba. Bunduki ile hakuwahi kuishika mtu mwingine. Na huyu ndiye mzee aliyenichapa utotoni kwa kumwelekezea binamu yangu kijiti nikijifanya nawinda! Miaka yake ya mwisho alituambia ameokoka kabisa, hataki tena kelele za bunduki, akawa anafukuza nyani kwa mawe. Watu walimcheka. Nikajiambia, huyu aliharibu silaha kwa uzembe wake, akajificha nyuma ya wokovu. Wanasema marehemu hasemwi vibaya. Mimi nilimsema, tena kwa sauti, peke yangu chumbani.

Jioni nikampigia mama. Nikamweleza kwamba bunduki haifai, mtutu umefura. Uchungu ulinizidi, nikaongeza kwamba mzee alituachia ajali ukutani akaenda zake.

Mama akanikatiza.

"Kyalo, mwache baba yako. Ni mimi."

Nyigu walikuwa wanajenga kwa udongo ndani ya mtutu, akasema, basi siku moja akauziba kwa gunzi la mahindi, vile tunavyoziba mtungi wa maji ukipoteza kifuniko. Akasahau kumwambia mwenyewe. Nyani walipoingia, baba alitoka mbio, akafyatua. Bahati yake hakuumia. Alirudi masikio yakivuma, akaisafisha bunduki, akaitundika, risasi zilizobaki akazirudisha polisi. Akamwambia mama, watu wakiuliza, nitasema nimeokoka, sitaki tena kelele zake. Hakumkemea. Hakulitaja tena jambo hilo mpaka tukamzika.

"Wewe alikuambia?" mama akaniuliza.

"Hapana, Mama."

"Na shangazi yako?"

"Hakumwambia mtu."

Akalia. Mama yangu, ambaye kwenye matanga alikuwa akihesabu vikombe vya chai na kuwafariji wengine, akalia kwenye simu.

"Miaka yote hii nilidhani mnajua," akasema. "Nilidhani mnaninyamazia tu."

Nilimwambia nitakuja Jumamosi, akaniambia nije na sukari, na hapo tukaagana.

Kesho nitamwambia fundi tuirudishe polisi ikaharibiwe. Leseni niliyoitafuta kwa jasho haina kazi tena, na ajabu ni kwamba sina uchungu nayo. Nyani nao wapo, mahindi yapo, na suluhisho sina bado. Labda nitawalipa vijana wa jirani walinde, labda nitachukua likizo nikalinde mwenyewe.

Lakini kwanza nitaketi na mama jikoni, nimwombe anihadithie habari za mume wake. Nimeishi na mtu huyo nikimwita baba, na leo ndio nimesikia alivyokuwa.