Dele la Mama na Sanamu ya Tada

Mjukuu wangu Salma,

Nakusalimu kutoka Auburn. Sote tu wazima. Mama yako amepata likizo na atafika kwako Canberra Jumamosi.

Umeniuliza kama watu wa Tada, kando ya Mto Niger, waliiharibu sanamu yao ya mtu aliyeketi, iliyosubiwa kwa shaba iliyoyeyushwa karne nyingi zilizopita. Kila Ijumaa waliipeleka mtoni wakaisugua kwa changarawe, wakitaraji uzazi na samaki, hata ikalika. Mwalimu wako anasema waliiharibu. Mimi nasita.

Nilipokuwa kijana Tanga, mama yangu alikuwa na dele, birika la shaba la kahawa, lenye nakshi za maua. Alilisugua kwa mchanga na ndimu kila alipotarajia wageni. Kaka yangu, akihofia maua yatafutika, akalifungia kabatini. Siku ya khitma ya babu yetu, shangazi akauliza dele liko wapi.

"Nimelihifadhi," kaka akajibu.

"Ahsante, baba. Basi leo kahawa tutainywa kwa macho?"

Wageni wakacheka. Dele likatolewa, likasuguliwa, likatiwa kahawa.

Sikatai kwamba kitu kilipotea, huko Tada na kwetu. Nadhani tu neno "kuharibu" ni jembamba mno kwa mikono iliyorudi kwenye shaba ileile kwa sababu bado iliihitaji.

Mama yako atakuletea dele hilo. Halina ua hata moja. Ndimu nimemfungia, mchanga utautafuta mwenyewe.

Wasalaam,
Babu yako