Sori Yako Haikunitosha, Baba

Kwako Baba,

Leo neno "mpendwa" limegoma kutoka, kwa hiyo tuanze hivi hivi. Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, ila ulivyonilea siwezi kumgombeza mtu mzima kabla sijamwamkia.

Nina hasira na wewe. Nimekaa nazo tangu nikiwa na miaka kumi na saba, na hii miaka mitatu tangu tukuzike Kibosho hazijapungua hata chembe. Naziandika mahali pa wazi makusudi, ili akina baba wengine wa Kariakoo wenye mabinti nyuma ya kaunta wazisome wakati wakisubiri wateja.

Unaikumbuka ile kamusi? Jalada lilibandikwa selotepu, ikakaa juu ya majora ya vitenge karibu na chupa ya chai. Uliinunua kwa sababu ya wateja wa kutoka Zambia, ulikuwa umechoka kuongea nao kwa vidole. Kila Jumamosi asubuhi, kabla mtaa haujajaa watu, nilikuwa nakusomea neno moja la Kiingereza na maana zake zote, na wewe unarudia huku umefumba macho.

Siku tuliyofika kwenye "sori" ulicheka mpaka ukamwaga chai. Kumbe ni samahani. Kumbe ni pole. Kumbe ni kusikitika, ni kujuta, na ukishuka chini zaidi ni kitu kilichochakaa, kama ile pikapu yetu. "Wazungu hawa wana akili ya biashara," ulisema. "Neno moja linafanya kazi ya watu watano!" Mimi nikakubishia. Nilikuambia sisi tumeyagawa kwa sababu. Aliyefiwa unampa pole, na unaweza kumpa hata kama hukumgusa. Unayetaka akupishe njia unamwambia samahani. Lakini uliyemuumiza unamwomba msamaha, na huwezi kuuomba bila kukiri kwamba aliyemuumiza ni wewe. Uliweka kikombe chini, ukaniangalia. "Huyu atakuwa mwalimu huyu," ulisema. Nilitembea na maneno hayo mwezi mzima.

Basi, matokeo ya kidato cha nne yakatoka, nikachaguliwa kuendelea na kidato cha tano, shule ya bweni, Iringa. Nilikuja dukani mbio, kandambili moja imekatika njiani. Ulikuwa unafunga robota la mteja. Ukaniangalia mimi, kisha ukairudia kamba yako.

"Sori, mama," ulisema. "Kaka yako yuko chuo, hapa nimebaki peke yangu. Na Kiingereza unakijua wewe. Mwakani utaenda."

Nikasema, "Sawa, Baba."

Mwakani gani, Baba? Kiingereza nilichosoma ili nikawafundishe watoto wa watu ndicho ulichonifungia nacho kwenye kaunta yako. Niliongea na Wazambia mpaka wakaanza kuniletea zawadi za harusi. Wenzangu niliokuwa nawaazima madaftari yangu walirudi likizo wakiwa na sketi mpya na vicheko vya bweni, wakanunua vitenge kwangu, nikawafungia vizuri. Wewe ulipita nyuma yangu ukanipiga begani: "Sori, eeh?" Hiyo sori ilikuwa ya nini? Uliitoa hivyo hivyo kwa mteja aliyesubiri chenji.

Na usije ukaniambia kwamba hukujua kuomba msamaha. Ulijua sana. Ulimsingizia Mzee Shirima wa duka la ng'ambo ya barabara kwamba ameiba robota lako, ukampigia kelele mbele ya wapagazi, halafu robota likakutwa kwenye stoo yako mwenyewe nyuma ya mashuka. Mzee wa watu alikuwa ameapa hatakusalimia mpaka afe. Ulifanya nini? Ulipiga simu nyumbani Kibosho, baba mkubwa akakata jani la sale, mmea wetu wa kuombea msamaha, kwenye shamba la kihamba, akalifunga kwenye gazeti na kulituma kwa basi. Ulivaa koti la kanisani kwenye jua lile la Kariakoo, ukavuka barabara, ukasimama mlangoni kwake umelishika jani kwa mikono miwili. "Nimekukosea," ulimwambia. Akalipokea, maana kwetu Uchagani aliyeletewa sale hakatai. Mimi nilikuwa kwenye kaunta, naona kila kitu. Nikajiambia, akirudi atakuwa na jani lingine kwenye mfuko wa koti.

Ulirudi ukauliza kama chai ipo.

Hata hospitalini nilikusubiri. Ulinishika kiganja, ukasema, "Sori, mama." Muuguzi alikuwa anabadilisha dripu. Nikakuuliza, "Ya nini, Baba?" Ukafumba macho kama zile Jumamosi zetu, lakini hukurudia. Siku ya tatu tukakupeleka Kibosho kukuzika, na watu mia wakanipa pole.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Wiki iliyopita Neema, mjukuu wako, alichaguliwa kidato cha tano. Alinikuta dukani, nimechoka, msichana wangu wa dukani ameondoka kwenda kuolewa. Nikafungua mdomo huu ulioniachia wewe, nikasema, "Sori, mwanangu. Subiri mwaka mmoja tu."

Akasema, "Sawa, mama."

Sikuweza hata kupima kitenge baada ya hapo. Nilijichukia, halafu nikakuchukia wewe, halafu nikafunga duka saa nane mchana, kitu ambacho hukuwahi kukiona maisha yako yote. Nyumbani Magomeni, uani, bado lipo sale ulilopanda kwenye ndoo ya rangi baada ya kupatana na Mzee Shirima. Nikakata jani. Sijawahi kusikia mzazi akimpelekea mtoto wake jani la sale, na mama mkubwa akijua atasema nimevunja heshima ya ukoo. Nililishika kwa mikono miwili.

"Mama, hilo jani la nini tena?" Neema aliuliza, akaacha kufua.

"Nimekukosea," nikamwambia. "Nilitaka kukunyima shule kwa sababu ya shida zangu. Nisamehe. Jumamosi tunakwenda kununua tranka."

Aliifuta mikono kwenye kanga, akalipokea. Kisha akalia, na mimi nikalia kumshinda. Ilichukua dakika moja, Baba. Dakika moja! Wewe ulikuwa na miaka ishirini na mbili ya kuniomba.

Desemba tunapanda Kibosho kama kawaida. Kaka amenitumia picha ya masale tuliyopanda kuzunguka kaburi lako, yamefika kiunoni. Hukunikatia hata jani moja, sasa umelala katikati yake. Nitakata moja mimi mwenyewe, nilishike kwa niaba yako, nisimame pale nione kama mkono wangu wa pili utalipokea. Aliyeletewa hakatai, najua. Lakini mkosaji hulileta mwenyewe, na hilo ulilijua wewe.

Nikishindwa, nitaliacha juu ya udongo wako nirudi zangu Dar. Na hapo, tafadhali, usiniambie sori.

Ni mimi binti yako wa kaunta,
mama yake Neema