Maneno Niliyomwambia Dubu

Winnipeg, Jumatano 4 Oktoba 1978

Mwanangu Niviaq, mrithi wa jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo mama yangu,

Hujambo? Watoto hawajambo? Na kaka yako Joamie, keshaenda mawindoni au bado anatafuta soksi? Mimi mzima, ila macho ni yaleyale. Daktari kasema atayapasua wiki ijayo. Anayeandika ni Leetia, mkalimani wetu hapa nyumba ya wagonjwa. Mwandiko ukiwa mbaya mlaumu yeye. Ananicheka.

Sasa nikwambie. Jana nilichoka kukaa. Nikachukua ile kamera yako, nikapanda basi mpaka bustani ya wanyama, peke yangu! Leetia alinivika karatasi ya anwani shingoni, kama mzigo wa ndege. Mwanangu, nimeona mambo. Kuna mnyama shingo yake kama mlingoti wa redio ya misheni. Leetia anasema ndiye twiga. Nimempiga picha mbili, kichwa moja, miguu moja, maana haenei. Simba nilimkuta kalala, jitu zima, mchana kweupe! Na chai yao huko ni maji matupu. Nilikuwa nasema nini? Eh, dubu.

Niviaq, dubu wetu mweupe wamemtia shimoni! Watu wanatafuna vitafunio wanamtazama, mwanamke anamrushia samaki toka kwenye ndoo. Dubu, mnyama aliyemla mjomba wangu! Nikashindwa kujizuia. Nikamwambia, "Wee bwana mkubwa, ndiyo umekuwa mbwa wa kulishwa kwa ndoo? Haya, panda huku juu unile!"

Watu wakacheka, na wala hawakujua nasema nini. Yeye akaacha samaki. Akainua kichwa, akanitazama. Mji mzima huu, yeye peke yake ndiye aliyenielewa. Nikampiga picha, nikaondoka mbio.

Filamu nakutumia kwa mgonjwa anayerudi kwetu kaskazini kesho.

Mimi mama yako, na mwanao,
Siasi


Arviat, Jumatatu 9 Oktoba

Mama,

Salamu nitakupa nikiweza. Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Ulimcheka dubu? Wewe? Wewe uliyenizaba kofi nina miaka sita kwa kumwita dubu mnene, naye yuko ng'ambo ya ghuba? "Anasikia," ulisema. "Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Joamie alikwenda mtoni kuwinda, peke yake, siku moja kabla ya matembezi yako. Juzi wanaume wamekuta hema lake limechanwa toka juu hadi chini. Bunduki imo, yeye hayumo. Nyayo za dubu zimelizunguka, kisha zikaingia mtoni. Upepo unawazuia kuvuka.

Ulichoandika sijamwambia mtu. Mke wake ananiuliza mama kasemaje, namjibu uliona twiga.

Niviaq


Winnipeg, Jumatano 11 Oktoba

Mama yangu Niviaq, shikamoo.

Leo nakuamkia mimi, maana leo mimi ndiye mtoto. Barua imefika asubuhi. Leetia alipofika kwenye "bunduki imo" akataka kuruka mstari. Nikamwambia soma, usinipunguzie. Sikulia. Kikombe kiliniponyoka, wala sikukisikia kikivunjika.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya macho. Wakaja na kiti chao cha magurudumu, nikawaambia nipisheni. Daktari akafoka: "Bibi, ukikosa leo ni mpaka barafu iyeyuke, na jicho hilo la kushoto halitakungoja!" Nikamwambia Leetia, "Mjibu: jicho ni langu, na mtoto ni wangu."

Kamera sikuchukua. Adhuhuri nilikuwa ukutani pa shimo la dubu. Kalala, kanipa mgongo. Nikavua kofia. Nikasema, "Babu, mimi kizee mpumbavu. Nilikukuta umefungwa, nikajiona mkubwa. Mdomo ni wangu, Joamie hakusema kitu. Ukitaka mtu, huyu hapa." Watu wakacheka tena. Yeye hakugeuka, mwanangu. Nilisimama mpaka wanafunga. Sikio moja tu lilitikisika.

Basi. Niandikie lolote. Hata likiwa baya, Leetia atasoma.

Siasi


Arviat, Jumanne 17 Oktoba

Marahaba, mama. Nami shikamoo. Kaa kitini kwanza. Leetia, mshike.

Joamie yupo! Yuko hapa jikoni kwangu anakunywa mchuzi. Vidole viwili vya mguu vimekwenda na baridi, kelele zake ni zilezile. Dubu alipolichana hema alikimbia bila bunduki, akavuka mto kwa mtumbwi, akajifungia kwenye kile kibanda cha zamani, akaziba mlango kwa mawe. Dubu akamfuata, akalala mlangoni. Usiku na mchana Joamie anamsikia akipumua, huku analamba barafu ya ukutani. Halafu Jumatano iliyopita, jua likiwa utosini, dubu akanyanyuka akaenda zake, kama mtu aliyeitwa. Kesho yake upepo ukatulia, wanaume wakavuka wakamkuta.

Barua yako imeingia leo, na ndege ya kwanza tangu apatikane. Nimemsomea. Ulipotaja adhuhuri aliweka bakuli chini. "Muulize mama alimaliza kusema saa ngapi hasa," akasema. Akaliinua tena bakuli. "Hapana. Usimuulize."

Kisha akaichukua filamu yako yenye picha ya yule dubu, akaivuta yote nje ya kikopo chake, juani, ikaungua. Nikampigia kelele, "We Joamie, na twiga je?" Akasema twiga utatusimulia.

Njoo nyumbani, mama. Kama jicho halikukungoja, yeye mwenyewe atakushika mkono toka kwenye ndege, hivyo hivyo na mguu wake wa kuchechemea.

Binti yako, na mama yako,
Niviaq