Namba ya mwisho ya ziwani

Beni, Jumanne

Ningeweza kukataa. Nilikwenda ofisini kusajili mashua yangu ya kutembelea ziwani siku za Dominika. Karani, anayejua kuwa mimi ni mwandishi wa habari, akacheka.

"Ya kutembea tu? Huku tuko na namba za bavuvi tu. Nakuandika muvuvi, Papa journaliste. Una bahati, ni ya mwisho."

Nikaichukua.

Aliyeingia baada yangu ni Paluku, mvuvi wa Kyavinyonge. Akaambiwa namba zimeisha. Akivua bila namba, askari watamnyang'anya mtumbwi.

Alinikuta nje, akanishika mkono.

"Papa, weye unajuaka kuuliza bakubwa. Uliza basi, nani alikamata namba ya mwisho?"

Nikamwambia nitafuatilia. Ndivyo ninavyowajibu watu ninapojua kwamba sitaandika.