Sungura Wangu Anampenda Hazel

Jumatano, 20 Agosti

Leo tena. Nimekaa chini kwenye zulia nusu saa nzima, goti linaniuma, kipande cha karoti mkononi, namwita Kasisi kwa sauti ya kubembeleza. Akanitazama. Akanipita. Akaenda moja kwa moja kwa Hazel, akampanda mapajani, akaanza kumlamba mkono. Hazel hata hakuwa amemwita! Alikuwa anasoma gazeti.

Nataka iandikwe mahali: sungura huyu ni wangu. Nilipewa mimi. Nilipostaafu upishi wa shule, wenzangu wa jikoni walinipa ndani ya kikapu chenye utepe, na ni mimi niliyempa jina, kwa lile koti lake jeusi na kola nyeupe shingoni. Hazel alisema nyumba itanuka. Wiki mbili baadaye alikuwa anamkatia tufaha vipande vidogo kama anamlisha mtoto. Sasa anapiga naye soga asubuhi hadi jioni. Na mimi, mdogo wake wa tumbo moja, naambiwa nini kwa siku? "Thelma, umeacha taa." "Thelma, viatu."

Lakini nimepata dawa yao. Mchunga. Bustanini umekauka wote kwa jua hili, ila kule nyikani nyuma ya kanisa umejaa tele, mbichi, ukiukata unatoa maziwa. Hazel amepiga marufuku majani ya nje. Sungura wa porini wana maradhi, anasema, na dada yangu akishasema amesema. Miaka thelathini alikuwa muuguzi mkuu wa wodi, hajaacha. Basi naenda akiwa bafuni. Leo ni mara ya tano. Hata sungura wa kule wameanza kunizoea: mmoja alikaa katikati ya njia, ametulia tuli, nikafika karibu kabisa na hakukimbia. Nikamwambia, angalau wewe.

Jumapili, 24 Agosti

Amekuja kwangu! Mbio, miguu inateleza kwenye mbao. Akala mchunga wote kwenye kiganja changu, kisha akanikalia mguuni.

Hazel alikuwa jikoni anakoroga mchuzi wa nyama ya Jumapili. Akageuka. Akauliza, umempa nini huyo? Nikasema mchunga wa nyuma ya banda la baiskeli. Nyuma ya banda la baiskeli hakuna kitu ila saruji. Hakufuatilia, ila alikoroga ule mchuzi mpaka ukawa uji, Nilikula viazi vya kuoka vitano.

Ijumaa, 29 Agosti



Asubuhi Kasisi hakutoka kwenye sanduku lake. Kope zimevimba, zinatoa usaha. Midomo imevimba. Hazel alimtazama mara moja tu akaenda kuchukua kikapu na funguo za gari.

Daktari wa wanyama ni binti mdogo, anaitwa Pryce. Hakuchukua hata dakika. Miksi, akasema. Ule ugonjwa wa sungura wa porini, mwaka huu umechachamaa nyikani, watu wanawakuta njiani wamekaa tu, vipofu, hawakimbii.

Hawakimbii. Nikamkumbuka yule wa katikati ya njia.

Akaeleza kwamba unaletwa na mbu, au viroboto wa sungura wenyewe. Akauliza kama tunampa majani ya kutoka nje. "Hapana," Hazel akajibu, haraka, kama aliyetukanwa. "Anakula ya bustanini tu." Daktari akanitazama na mimi. Nikatazama picha ya paka ukutani.

Kisha akasoma kompyuta yake akasema chanjo ya mwisho ilikuwa ya mwaka jana mwezi wa tano, imepitwa na miezi mitatu. Angechanjwa, pengine angepata vipele viwili vitatu basi. Mambo ya chanjo yako kwa Hazel. Akawa mwekundu mpaka shingoni. Na mimi — naandika ukweli kwa kuwa hapa hasomi mtu — nilipumua.

Wengi wa aina hii, daktari alisema, huwa tunawachoma sindano ya kuwapumzisha siku hiyo hiyo. Lakini huyu ana masalia ya chanjo ya mwaka jana mwilini, hivyo tunaweza kujaribu. Joto, dawa, kusafishwa macho, na kula. Zaidi ya yote kula. "Akila ana nafasi. Akikaa siku nzima bila kula, tumbo linasimama, na hapo sina la kufanya."

Jumatatu, 1 Septemba

Nyumba imegeuka wodi. Hazel amebandika ratiba kwenye friji: dawa saa moja, macho saa mbili, uji saa tatu, na kuendelea hivyo. Sebule ina joto la kuokea mikate. Mimi nimepangiwa taulo. Nafua taulo, naanika taulo, nakunja taulo.

Uji ni unga wa majani uliokorogwa na maji, unaingizwa mdomoni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kwa Hazel anafungua mdomo. Kwangu anakaza meno na kugeuza uso, uji wote kwenye sketi yangu. "Unamlazimisha," anasema Hazel. "Unaharakisha. Lete hapa." Anampokea, anamweka kwapani, dakika mbili bomba limekwisha. Nikaangalia na roho ikaniuma kweli kweli. Kiumbe hawezi hata kuniona, na bado anamchagua yeye!

Na hapo najua fika nani kamletea maradhi. Ungedhani aibu ingeufukuza wivu. Wapi. Vimekaa pamoja, vimebanana kama abiria wa kiti kimoja.

Jumatano, 3 Septemba

Nimefanya jambo la kipuuzi. Hazel alipotoka kwenda duka la dawa, nilivaa sweta lake la kijani, lile analomlishia, limejaa manyoya na harufu ya sabuni yake. Nikamweka Kasisi kwapani kama anavyofanya yeye. Sikusema neno, nisijifichue kwa sauti. Akanusa mkono wa sweta kwa kile kipua kilichoziba. Akafungua mdomo! Mabomba matatu. Akalamba kifungo.

Sikumsikia Hazel akiingia.

"Hilo si sweta langu?"

"Nilisikia baridi."

"Baridi? Humu? Thelma, jasho linakudondoka kidevuni."

Nikamwambia wazee husikia baridi kwa ndani. Akavua glavu zake za kuendeshea gari, akasema nikimaliza nilirudishe msumarini. Sijui ameelewa nini. Nilipolivua Kasisi alinigeuzia mgongo.

Ijumaa, 5 Septemba

Macho yamefungika kabisa. Uvimbe masikioni. Lakini anakula, kwa Hazel.

Leo nimemsikia Hazel nyuma ya mlango akimwambia, "Kula, mwanangu, kidogo tu, kwa ajili yangu." Sauti laini, sijawahi kuisikia. Mwaka juzi nilipofanyiwa upasuaji wa nyonga, huyu huyu alisimama mlangoni kwangu akasema, "Simama. Tembea. Kulala kunaleta damu kuganda." Chakula aliacha kwenye trei ukumbini ili nilazimike kukifuata. Nilidhani ndivyo alivyoumbwa. Kumbe anayo ile sauti, ila si yangu.

Basi nimesimama na taulo zangu mkononi namwonea kijicho sungura anayekufa. Umri wangu huu.

Jumamosi, 6 Septemba

Baada ya chai ya saa kumi Hazel alifungua droo ya kabati, akatoa barua tatu, akaziweka mbele yangu. Za daktari wa wanyama, za kukumbusha chanjo. Ya mwezi wa tano, wa sita, wa saba. Amezifungua zote. Amezikunja zote vizuri.

Nikauliza umesahau?

"Sikusahau."

Halafu akaniambia, huku anaangalia birika. Mwaka jana alimpeleka kuchomwa sindano, na sungura akarudi amemnunia. Siku tatu Kasisi hakumsogelea. Alikuwa anakuja kwangu. Alilala kwenye viatu vyangu, alinifuata mpaka bafuni. "Siku tatu, Thelma. Nilikuwa nakaa hapa nawatazama na nilitaka kulia. Mwaka huu nikasema, nitampeleka mwezi ujao. Halafu mwezi ujao. Mimi! Miaka mingapi nimewafokea akina mama wasioleta watoto kwenye chanjo?"

Na mimi sikukumbuka. Naapa sikumbuki. Siku tatu sungura alinipenda na mimi nilikuwa nafanya nini? Nadhani nilikuwa napaka rangi uzio.

Kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa furaha. Hazel alinionea wivu! Hazel, mimi! Nilitamani aseme tena. Kisha nikaona anafuta macho kwa kona ya kitambaa cha vyombo, na nikajua sasa ndiyo wakati wa kumwambia habari za nyikani. Nikamimina chai.

"Nimemuua kwa mikono hii," akasema. "Haitamgusa tena. Mchukue chumbani kwako. Tangu mwanzo ni wako."

Nilikuwa na neno mdomoni. Nikalimeza na chai.

Jumapili, 7 Septemba

Yuko chumbani kwangu, juu, karibu na hita. Amekula bomba moja na nusu kwangu, bila sweta. Halafu vidole vyangu akavilamba. Viwili. Nimekaa dakika kumi sijanawa.

Mchana Hazel alipika, akanipakulia kwanza. Alikaa nami juu ya ngazi, hakuvuka mlango, na tukaongea habari za mama, za ile baiskeli tuliyogombania, mpaka tukacheka. Alinishika mkono. Akasema, "Hukunilaumu hata neno moja. Mwingine angenisema mpaka nife. Sikujua una roho nzuri hivyo." Akanibusu kipaji cha uso.

Nina furaha. Mungu anisamehe, sijawahi kuwa na furaha hivi katika nyumba hii. Sungura ni wangu, na Hazel pia.

Jumanne, 9 Septemba

Saa tano asubuhi. Hajala tangu jana saa sita mchana. Nimejaribu uji, tufaha lililopondwa, majani ya mnanaa. Nimemweka kwapani. Nimejaribu hata kuimba. Anakaza meno. Ngazi ikilia anainua sikio moja, lile lisilovimba, kuelekea mlangoni, na asipoingia mtu analishusha.

Anamtaka yeye. Basi. Hata mjinga angeona.

Nilishuka nikamwambia Hazel aje. Akatikisa kichwa. Nikambembeleza. Akaficha mikono chini ya meza kabisa, mwanamke wa miaka sabini na mmoja. "Usinitake hivyo, Thel. Siwezi kumshika niliyemuua." Thel. Tangu tuko wasichana hajaniita hivyo.

Saa nane. Nimempigia Daktari Pryce. Amesema kama vidonda vinaanza kukauka, kama nilivyomweleza, angempa matumaini, lakini tumbo halingoji. Atapita saa kumi na moja jioni akitoka shambani kwa mtu. Kama hajala atakuja na ile sindano. Kama amekula hata kidogo, tuendelee.

Saa tisa na robo. Nimejaribu sweta la kijani. Amelinusa, akangoja, akainusa shingo yangu. Akageuka. Safari hii amenijua.

Ninachotakiwa kufanya nakijua. Nimwambie Hazel kwamba si mikono yake. Akijua hayo atapanda ngazi mbili mbili, atamchukua, na Kasisi atafungua mdomo, nina hakika kama ninavyojua jina langu. Halafu atanigeukia mimi. Au hatanigeukia, hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Atarudi kwenye "Thelma, taa," na safari hii atakuwa na haki. Nimekuwa na dada kwa siku tatu. Miaka sitini na minane, siku tatu.

Na nikinyamaza, saa kumi na moja na nusu tutachimba shimo chini ya mti wa matufaha, atanishika mkono, tutalia pamoja, na hataniacha kamwe. Nimeliwaza hilo. Nimeliwaza kwa muda mrefu kuliko inavyostahili, na sikulichukia.

Saa tisa na nusu. Nimeandika sentensi ili niizoee:

Hazel, mchunga niliutoa nyikani, siku tisa, ili anipende.

Nimemsomea Kasisi kwa sauti ya chini. Anapumua kwa kukoroma. Chini ya kidole changu tumbo lake ni gumu kama mpira.

Nasikia vikombe. Anapanda. Ameniletea chai, na biskuti za tangawizi, nazisikia harufu, amezioka leo kwa ajili yangu. Amefika mlangoni. Anagonga kwa kiwiko maana mikono imeshika trei, anauliza kama amekula.

Nimemwambia, ingia. Anasema hapana, haingii. Nimemwambia, ingia, Hazel, kuna kitu usome. Kalamu naiweka chini. Daftari naliacha wazi.