Mvua Gani, Baba?

Biharamulo, Novemba

Baba yangu,

Shikamoo. Kiuno kinaendeleaje? Mama bado anakohoa? Sisi ni wazima. Mkweo Adela ameanza kutembea uani, na mtoto ananyonya vizuri.

Nakuandikia kwa sababu juzi simu ilikatika, au wewe uliikata, sijui. Ulisema, "Huyo ni Nyamvura, mama yangu amerudi. Kazaliwa mwezi wa mvua." Najua desturi yetu, binti wa mwezi huu huitwa hivyo. Lakini mvua gani, Baba? Nilihama huko Mugoma baada ya maharage kufia ardhini mara mbili, halafu mvua ikashuka siku moja na mawe yake, ikalaza migomba yote. Nikadhani huku kuna nafuu. Mahindi yangu yamekauka yakiwa usawa wa goti. Adela, na mimba ya miezi minane, alikuwa akichota tope mtoni na kulichuja kwa kanga. Siku aliyojifungua, vumbi liliingia hadi wodini.

Bwana shamba alitukusanya, akasema dunia inapata joto kwa sababu ya moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali. Mzee mmoja akamuuliza, "Sasa sisi wenye baiskeli tupunguze nini?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na masizi ya mkaa mikononi, maana shamba likininyima nakata miti ili tule. Nina hasira na hao wenye viwanda, na nina hasira na mimi mwenyewe.

Nilipomwambia Adela jina ulilotoa, aligeukia ukutani akalia. "Nimpe mwanangu jina la mvua iliyotukimbia?"

Basi jana muuguzi aliponiuliza jina la mtoto, nilimwambia Konsolata. Limeshaandikwa kwenye kadi ya kliniki. Bibi nilimpenda, ndiye aliyenibeba mgongoni Mama alipokuwa mgonjwa. Sijamkataa yeye.

Nisalimie Mama, dada yangu Skola na mumewe, na shangazi anayenitunzia mbuzi. Mwambie asiwauze kwanza, hata majani yakiisha.

Ukinikasirikia nitavumilia, Baba. Ila siwezi kuita "Nyamvura!" uani kila asubuhi, na majirani wote wakatoka nje kutazama juu.

Ni mimi mwanao,
Deo